Komande za intaneti: kodi ya duane unailipa, lakini karatasi yake iko wapi?

Butembo, Kivu ya Kaskazini. Watu wanaokomanda viatu, nguo, simu ao nywele kwenye intaneti wanatuuliza swali moja kila mara: juu ya nini kitu ambacho kwenye simu kilionyesha dola 6 kinafika hapa na bei ya dola 13? Ukimuuliza ajenti aliyekuletea mzigo, jibu lake ni neno moja tu: duane.

Neno hilo limekuwa kama gunia. Ndani yake wanatia kodi ya kweli ya serikali, wanatia transporti, wanatia faida ya ajenti, na wakati mwingine wanatia vitu ambavyo sheria haivijui. Wewe unalipa gunia zima bila kufungua. Hapa tunajaribu kulifungua, sababu feza inayopotelea humo si ya watu matajiri. Ni feza ya mama mwenye kuuza kwenye WhatsApp, ya mwanafunzi mwenye kuuza simu mbili kwa mwezi, ya kijana aliyekopa dola 200 kwenye AVEC ya kwao.

Kwanza tukumbuke vile komande inatembea mpaka kufika kwetu. Posta haileti koli nyumbani. SCPT ipo, ndiyo posta ya serikali, lakini mtu wa Butembo hakai kungojea viatu vyake kwenye gishe ya posta. Makampuni makubwa ya koli kama DHL yanafanya kazi Congo, na hayo yanalipa duane mbele kisha yanakudai wewe pamoja na bei ya kazi yao. Ila kwa mzigo mudogo bei ya kutuma inaweza kupita bei ya kitu chenyewe. Basi watu wamejipatia njia yao. Unachagua kitu kwenye Alibaba ao AliExpress. Unalipa na kadi ya benki, ao unamtumia mtu feza kwa M-Pesa ao Airtel Money ili yeye alipe na kadi yake. Adresi unayoandika si ya Butembo, ni ya depo moja ya Guangzhou ao Dubai, na kando yake unaongeza jina lako na nambari ya simu. Mwenye depo anakusanya koli za watu wengi, anazifunga pamoja, anazipakia. Ndiyo wanaita grupaje.

Ikija kwa ndege, mzigo unashuka Entebbe. Ikija kwa maji, unashuka Mombasa, unapanda lori, unapita Malaba na Kampala mpaka Mpondwe, unavuka Lubiriha na kuingia Kasindi. Kutoka hapo ni kilometa 80 mpaka Beni, tena 54 mpaka Butembo, kwenye barabara ambayo tangu mwaka 2021 tunaambiwa inatengenezwa pamoja na Uganda, na ambayo kuna nyakati magari yanangojea eskorti ya askari ndipo yapite. Kila kituo cha safari hiyo kiko na gharama yake.

Jambo la kuangalia ni hili: katika safari yote hiyo, jina lako halionekani kwenye karatasi yoyote ya duane. Jina linaloonekana ni la ajenti, ao la mwenye lori, ao la mtu mwingine mwenye nambari ya import ambaye wewe humjui. Mbele ya serikali, wewe hukuingiza kitu. Shida nyingine zote zinatokea hapo.

Hesabu ya kweli, polepole

Duane ya Congo ni DGDA. Ilianzishwa tarehe 3 Desemba 2009, ikachukua nafasi ya OFIDA ambayo wazee wangali wanaitaja. Inafuata kitabu cha sheria za duane cha tarehe 20 Agosti 2010, na tarife ya Septemba 2012. Tarife hiyo iko na viwango vitatu vya kawaida: asilimia 5, asilimia 10 na asilimia 20. Mashine za kazi na vitu vya kutengenezea vingine viko chini. Vitu ambavyo viko tayari kuvaliwa ao kutumiwa nyumbani kwa kawaida viko juu, kwenye 20.

Asilimia 20 ya nini? Hapa ndipo watu wengi wanajidanganya. Si ya bei uliyoona kwenye simu. Ni ya bei hiyo, ukiongeza transporti na asiransi mpaka mzigo ufike kwenye mlango wa nchi. Watu wa duane wanaita hesabu hiyo CIF. Kwa hiyo kadiri unavyotoka mbali, na kadiri transporti inavyopanda, ndivyo kodi inapanda, hata kama kiatu ni kile kile.

Kisha inakuja TVA, asilimia 16, ambayo nchi yetu ilianza kuitumia tarehe 1 Januari 2012. TVA haihesabiwi kwenye CIF peke yake. Inahesabiwa kwenye CIF pamoja na kodi ya duane ambayo imekwisha kuongezwa. Ni kodi juu ya kodi, na ni sheria, si ujanja wa mtu wa Kasindi. Juu ya hapo kuna asilimia 2 ya CIF ya FPI, mfuko wa kusaidia viwanda. OCC, wenye kukagua ubora wa vitu, nao wanatoza kazi yao.

Tuchukue mfano, ni mfano tu wa kupigia hesabu. Mama mmoja anakomanda pea 20 za viatu, kila pea dola 6. Hiyo ni dola 120. Transporti na asiransi mpaka Kasindi, tuseme dola 60. CIF ni 180. Kodi ya duane kwa asilimia 20 ni dola 36. TVA inapigwa kwenye 216, inaleta 34 na senti 56. FPI ni 3 na senti 60. Jumla ya kodi: dola 74 na senti 16. Hapo hatujatia OCC, hatujatia gari la kutoka Kasindi, hatujatia faida ya ajenti.

Angalia namba hiyo mara mbili. Kwenye viatu vya dola 120, serikali peke yake inaomba karibu dola 74, zaidi ya nusu ya bei ya kununulia. Mtu aliyepiga hesabu yake kwa kusema "duane ni asilimia 20, basi nitalipa dola 24" amekwisha kukosea kwa dola 50 mbele hata mzigo haujatoka Guangzhou. Kwa kifupi, kitu chenye kodi ya 20 kinabeba jumla ya asilimia 41 na kidogo ya CIF. Chenye 10 kinabeba karibu 30. Chenye 5 kinabeba karibu 24. Shika namba hizo tatu kwenye kichwa, zitakusaidia kuliko maneno ya ajenti.

Bei ndogo nayo inasema kitu

Sasa turudi kwa huyo mama. Ajenti mmoja anamwambia: nipe dola 150, transporti na duane zote ndani, nakuletea mpaka dukani. Mwingine anamwambia: mimi nafanya yote kwa dola 100. Kila mtu hapa mjini ataenda kwa yule wa 100. Tena tutamsifu, tutamwita mtu wa watu.

Lakini piga hesabu. Transporti mpaka Kasindi ni 60 na kodi ni 74. Hiyo ni 134. Kwa dola 150, ajenti wa kwanza anabakia na 16 ya kulipa OCC, gari la kutoka Kasindi, depo na chakula cha watoto wake, si mwizi. Yule wa dola 100 hawezi kuwa amelipa yote. Hata akifanya kazi bure, anakosa 34. Kwa hiyo moja kati ya mambo mawili: ao transporti yake ni rahisi kuliko ya wengine wote, ao mzigo wako haukudeklariwa vile ulivyo. Mara nyingi ni la pili. Viatu vya dola 6 vimeandikwa dola 2. Ao pea 20 zimeandikwa 8. Ao viatu vimeingia katikati ya kitu kingine chenye kodi ndogo.

Hapa wasikilizaji wetu wengine watasema: kama ni hivyo, ni vizuri, serikali yenyewe inatufanyia nini? Tunasikia. Wanalipa kila siku, na barabara ni ile wanayoiona. Kisheria, kifungu cha 175 cha Katiba ya 2006 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayopatikana kwenye jimbo ibakie kwenye jimbo, na kila mtu anajua vile kifungu hicho kimekaa kwenye karatasi. Ila hatari ya mzigo uliodeklariwa kwa uongo haiangukii serikali kwanza. Inakuangukia wewe. Sheria ya duane inaruhusu faini na hata kunyang'anya mzigo. Na katika grupaje, mzigo ni mumoja. Wakifungua lori juu ya bidhaa ya mwenzako iliyofichwa, viatu vyako vinalala pamoja na vyake. Utaenda kujieleza kwa nani? Jina lako haliko popote.

Tena kuna kitu kingine ambacho watu hawasemi. Afisa wa duane halazimiki kuamini kila fakture. Congo ni memba wa Shirika la Biashara Duniani tangu 1 Januari 1997, na kanuni ni kwamba kodi inahesabiwa kwenye bei iliyolipwa kweli. Lakini afisa akishuku bei, anaweza kuomba ushahidi, na akikosa, anapima kwa bei za vitu vinavyofanana. Mtu aliyezoea kuona fakture za uongo anaishia kutoamini hata ya kweli. Mama aliyelipa dola 6 sawasawa, na ana ushahidi kwenye simu yake, anahesabiwa kama wale wengine, kwa sababu ushahidi wake uko Butembo na lori iko Kasindi.

Adresi ya Kampala ni mtego

Watu wengi siku hizi wanatumia adresi ya rafiki ao ndugu wa Kampala. Inaonekana ni njia fupi: Kampala ni karibu, koli zinafika haraka, kisha mtu wa basi anazileta. Tunaomba hapa watu wawe waangalifu, sababu wanalipa mara mbili bila kujua.

Mzigo unaopita Uganda kwenda Congo, ukideklariwa kuwa ni wa kupita tu, haulipi kodi ya kuingia Uganda. Unawekewa dhamana, unafuatiliwa mpaka utoke Mpondwe. Lakini koli iliyoandikwa jina la mtu wa Kampala, na adresi ya Kampala, kwa macho ya duane ya Uganda ni mali ya Uganda. Inalipa tarife ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo tangu Julai 2022 kiwango chake cha juu cha kawaida kimefika asilimia 35, na inalipa TVA yao ya asilimia 18. Kisha inafika Kasindi, na Kasindi haijali kama ulilipa Entebbe. Inahesabu upya. Na kwenye hesabu hiyo mpya, bei ya kitu imekwisha kuvimba.

Ni vilevile kwa mtu anayeenda kununua Kikuubo vitu vya China vilivyokwisha kuingia Uganda. Kodi ya Uganda iko ndani ya bei, hata kama hakuna mtu aliyekuonyesha. Sheria za TVA kwa kawaida hazitozi bidhaa inayotoka nje ya nchi, lakini kurudishiwa kodi hiyo kunaomba kampuni, karatasi na subira. Mwenye mabegi mawili kwenye basi hana hata kimoja.

Na Jumuiya ya Afrika Mashariki? Congo ilitia sahihi mkataba tarehe 8 Aprili 2022 kule Nairobi, ikawa memba kamili tarehe 11 Julai mwaka huo. Tangu siku ile kuna watu wanaoamini kwamba kila kitu kinachotoka Uganda kimekuwa bure. Hapana. Urahisi wa kodi kati ya nchi za jumuiya ni wa vitu vilivyotengenezwa ndani ya nchi hizo. Viatu vya Guangzhou haviwi vya Uganda kwa kulala siku tatu Kampala. Ni vile vile na ule utaratibu mwepesi wa COMESA kwa wafanyabiashara wadogo wa mpakani: unasaidia mwenye maharagi, samaki na vitu vya kwetu, hausaidii mwenye koli ya AliExpress. Ajenti anayekuambia "tumeingia jumuiya, hakuna tena duane" anakudanganya. Anayekuambia hivyo na bado anakutoza duane, huyo tumwache.

Wanne kwenye sheria, wangapi kwenye barabara?

Tukiacha kodi zenyewe, kuna wale wanaosimama njiani. Dekre nambari 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 inataja huduma nne tu zenye haki ya kufanya kazi mpakani: duane, OCC, DGM na huduma ya usafi wa afya mpakani. Nne. Malalamiko ya wafanyabiashara kuhusu wingi wa huduma kwenye mipaka yetu ni ya miaka mingi, na serikali yenyewe imekwisha kukumbusha dekre hiyo mara nyingi, jambo ambalo linaonyesha kwamba haifuatwi.

Kwa mwenye komande, hii inafanya nini? Inafanya kwamba ndani ya gunia la "duane" kuna feza ambazo haziwezi kuonyeshwa karatasi, sababu karatasi haipo. Ajenti ametoa hapa, ametoa pale, lori ipite. Hawezi kuziandika kwenye hesabu anayokupa, basi anazitia zote chini ya jina moja. Hatusemi ajenti wote ni watu wabaya. Wengi wametanguliza feza yao, wanalala kwenye maegesho ya Kasindi, wanangojea eskorti, na mteja huku anawatukana kwenye WhatsApp. Lakini kwa kuficha hesabu nzima, wanaficha pia ile sehemu isiyo halali, na wanaisaidia kuendelea.

Ona vile inavyomwangukia mteja. Kwa kawaida muuzaji wa WhatsApp ameuza mbele ya kupokea. Amechukua akonti kwa wateja, amewaambia bei. Mzigo unafika, ajenti anasema: duane imepanda, ongeza dola 40. Imepanda kweli? Tarife ya nchi haibadiliki katikati ya wiki moja bila maandishi. Inawezekana kwamba franga imebadilika mbele ya dola, inawezekana kwamba afisa amekataa fakture na kuhesabu upya, inawezekana pia kwamba hakuna kitu. Bila karatasi, majibu hayo matatu yanafanana. Huyo muuzaji hawezi kupandisha bei kwa wateja waliokwisha kulipa akonti, na hawezi kuacha mzigo. Anaongeza dola 40, faida ya mwezi imekwisha, na Jumamosi kwenye AVEC anaanza kutafuta maneno ya kusema.

Na ukipokea viatu ambavyo si saizi? Kwa nchi nyingine watu wanarudisha. Kwetu ukirudisha kiatu, kodi hairudi nacho, na transporti ya kukirudisha inapita bei yake. Ndiyo sababu kosa dogo la kuchagua saizi kwenye simu huku kwetu linalipwa mpaka mwisho.

Karatasi ya kuomba

Mzigo ukitolewa kwenye duane kwa njia ya sheria, unaacha alama. Deklaranti anaingiza deklarasio kwenye mashine ya SYDONIA, ambayo inapiga hesabu mustari kwa mustari: kitu gani, bei gani, uzito gani, kodi gani. Inatoka karatasi ya likidasio yenye kuonyesha kila kodi na jumla yake. Feza inalipwa kwenye benki, inatoka kitansi. Karatasi hizo ziko na nambari na tarehe. Kwa hiyo ajenti anayesema "nimelipa" iko na kitu cha kuonyesha. Kama ni grupaje, karatasi itakuwa kwa jina lake na kwa mzigo mzima, hilo si kosa. Unamuomba picha ya likidasio na ya kitansi, na hesabu ya sehemu yako: kilo zako ni ngapi katika kilo zote, ao bei ya vitu vyako ni ngapi katika bei yote.

Hapa tuseme wazi kitu kimoja. Kugawa kodi kwa kilo si haki kwa kila mtu. Kodi ya duane inatoka kwenye bei, si kwenye uzito. Mwenye sufuria nzito za bei ndogo, wakigawa kwa kilo, anamlipia mwenye simu nyepesi za bei kubwa. Wauzaji wa vyombo vya nyumbani wangepaswa kuwa wa kwanza kulalamikia bei ya "kilo moja dola fulani, duane ndani", lakini ndio wa kwanza kuipenda, juu ni rahisi kuihesabu.

Mbele ya kulipa ajenti, omba akutenganishie bei tatu: transporti mpaka mpakani, kodi za serikali, na kazi yake pamoja na gari la huku. Akikataa kabisa kuzitenganisha, umekwisha kupata jibu. Tuma naye fakture ya kweli na ushahidi wa malipo, ili ukaguzi ukitokea deklaranti awe na kitu mkononi. Kama unakomanda dawa, usitegemee grupaje hata kidogo: dawa ziko na ruhusa yake ya pekee, na mzigo wa watu wote unaweza kukwama juu ya boksi lako moja.

Kuna pia wezi ambao wamejifunza neno duane kama sisi. Unapokea ujumbe: koli yako imekwama, tuma dola 50 kwa nambari hii leo, la sivyo itaharibiwa. Kodi ya duane haiendi kwenye M-Pesa ya mtu binafsi. Inaenda kwenye hesabu ya serikali, kwa benki, na inatoa kitansi. Uliza nambari ya deklarasio. Mwizi hana.

Dunia nayo inafunga mlango wa koli ndogo. Ulaya ilianza kutoza TVA kwenye kila koli ya kutoka nje tangu 1 Julai 2021, hata ya bei ndogo kabisa. Marekani, iliyokuwa inaacha koli za chini ya dola 800 ziingie bila kodi, ilisimamisha hiyo kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Tofauti na sisi ni kwamba mtu wa Brussels anaona TVA kwenye simu yake mbele ya kubonyeza "lipa". Wenye duka za intaneti wamelazimishwa kuihesabu na kuionyesha. Sisi adresi yetu ni depo ya Guangzhou, basi kwa macho ya duka sisi ni wateja wa China, na hakuna kitu cha kuonyesha.

Kwa mawazo yetu, shida ya kwanza ya Kasindi si kwamba kodi ni kubwa, ingawa ni kubwa. Kama DGDA ingekubali kwamba deklarasio ya grupaje ifuatane na orodha ya majina, na kila jina lipewe kikaratasi chake cha kodi, muuzaji wa WhatsApp angejua alicholipa, ajenti mwaminifu angejitofautisha na mwongo, na wale wa tano na wa sita wanaosimama kwenye barrière wangekosa pa kujificha. SYDONIA inahesabu mustari kwa mustari tayari. Ni majina tu ambayo hayamo. Pengine kuna watu ambao inawafaa yasiwemo.

Tukingojea hiyo, shikeni mazungumzo yenu na ajenti kwa maandishi. Kitabu cha sheria za numeriki, cha tarehe 13 Machi 2023, kinagusa biashara ya kwenye intaneti na kinakubali maandishi ya elektroniki kama ushahidi. Ujumbe wenye bei, tarehe na jina, uliotumwa mbele ya mzigo kuondoka, unaweza kuuweka mezani siku atakapokuambia duane imepanda. Na kama amekujibu kwa sauti, mwombe aandike pia.